Starter Set ya D&D ya 2014: Inashika Mwendo Wapi, Inalegea Wapi

Anayetaka kuendesha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa maneno na dadu) kwa mara ya kwanza hapa Kisumu huwa na swali moja kabla ya mengine yote: aanze na nini? Jibu langu ni Starter Set iliyotolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 2014, ile yenye hadithi ya Lost Mine of Phandelver. Kanuni mtu atazisoma na kuzielewa. Kinachowashinda wengi ni mwendo: lini ukate mazungumzo, lini ulete maadui, lini uwaache watu wapumue. Seti hii inampa mgeni hadithi ambayo tayari imekatwa vipande vya kikao kimoja au viwili, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Ila inashika mwendo vizuri katika nusu ya kwanza tu. Baadaye inaulegeza, na mwendesha mchezo, yaani anayesimulia hadithi na kuwachezea maadui, asipojua ni wapi, kampeni (mfululizo mzima wa vikao) inafia katikati.

Ndani ya boksi mna kijitabu cha kanuni cha kurasa 32, kitabu cha hadithi cha kurasa 64 chenye sehemu nne, karatasi tano za wahusika walio tayari, na dadu sita: ya nyuso 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Hamna ramani ya kutandaza mezani wala vinyago. Ramani za kitabuni zina namba za vyumba na alama za siri, kwa hiyo wachezaji hawapaswi kuziona. Daftari la hesabu la miraba, lile la shule ya msingi, linatosha kuchorea mapango, na vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi vinasimama badala ya vinyago. Mkitaka ramani kubwa, nunueni karatasi ya manila na mpige miraba ya sentimita 2.5, kila mraba ni futi tano za mchezo. Ichore nyumbani, ufunike vyumba kwa vipande vya karatasi, kisha uvifunue kimoja kimoja. Kuchora huku watu wanakutazama kunazima kikao haraka kuliko kanuni iliyosahaulika.

Dadu za seti moja hazitoshi watu watano. Ya nyuso 20 ndiyo inayorushwa karibu kila zamu, na ikizunguka meza nzima mkono kwa mkono kila pigano linarefuka. Programu ya dadu kwenye simu inasaidia. Kama hamtaki simu mezani, andikeni namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, mvitie kwenye mfuko, na kila anayetoa kimoja akirudishe kabla ya mwingine kutoa. Visiporudishwa, uwezekano wa namba zilizobaki unabadilika na hesabu zote za kanuni zinapotoka. Dadu za ludo zinafaa kwa nyuso sita.

Wahusika walio tayari ni wapiganaji wawili, kuhani, mchawi na mwizi. Wapuuzeni wanaosema mhusika wa kweli ni wa kujitengenezea. Kwa kundi jipya, kutengeneza wahusika kunameza kikao chote cha kwanza, na wapo watakaorudi nyumbani bila kurusha dadu hata mara moja. Kwa karatasi hizi mnaanza kucheza ndani ya dakika 20. Kila karatasi inaeleza jinsi ya kupanda kutoka kiwango cha 1 cha uwezo hadi cha 5, na kila mhusika ana lengo lake linalomfunga na mahali fulani katika hadithi. Yashike malengo hayo. Yatakuokoa kwenye sehemu ya tatu.

Hadithi inaanzia barabarani. Wahusika wanasindikiza gari la mizigo kutoka Neverwinter kwenda mji mdogo wa Phandalin, wanakuta farasi wawili wamelala njiani wakiwa wafu, na goblini wanne, viumbe wadogo wakatili, wamejificha vichakani. Usiongeze kitu mbele ya hapo. Wape wachezaji dakika kumi wajitambulishe, waulize nani anatembea mbele na nani yuko juu ya gari, kisha waonyeshe farasi.

Pigano hili linaonekana dogo, lakini limewaua wahusika wengi wa kiwango cha 1, na sababu iko kwenye hesabu. Goblini ana pointi 7 za uhai na namba ya kinga 15, yaani namba ambayo anayemshambulia lazima aifikie kwa dadu ya nyuso 20 pamoja na nyongeza yake. Goblini akishambulia anaongeza 4 kwenye dadu hiyo, na pigo lake ni dadu ya nyuso 6 jumlisha 2, wastani wa 5. Mchawi anaanza na pointi zisizofika 10. Mishale miwili ikimpata, ameanguka. Tena goblini hujificha kwa nyongeza ya 6, kwa hiyo wahusika wasipowatambua mapema wanapoteza zamu ya kwanza. Kwa wenye bahati mbaya hiyo ni mishale minane (goblini wanne, zamu mbili) kabla hawajasogea.

Kitabu chenyewe kinatoa tiba, ila wageni huisoma haraka na kuipita: goblini wawili wanakimbilia mbele na silaha za mkononi, wawili wanabaki mbali wakipiga mishale. Fuata hivyo, na ugawe mashambulizi, kila goblini na mtu wake. Usiwaelekeze wote wanne kwa mchawi kwa kuwa ndiye dhaifu. Goblini hajui hesabu za karatasi yake. Na wahusika wakishindwa kabisa, hadithi haijaisha. Kitabu kinasema goblini wanawaacha wamezimia, wanapora mizigo na kuondoka. Kundi linaamka bila mali na likiwa na hasira, na hakuna kichocheo kizuri cha kikao cha pili kama hicho.

Kuhusu muda: wachezaji wanne wapya wakitumia dakika moja na nusu kila mmoja, na wewe dakika mbili kwa goblini wote, mzunguko mmoja ni dakika nane. Mizunguko minne au mitano inakupeleka kwenye dakika 40. Njia ya kuipunguza ni kumtaja anayecheza pamoja na anayefuata: “Mchawi, zamu yako. Kuhani, jiandae.” Kuhani anafungua karatasi yake wakati mchawi anarusha dadu. Watu wakisubiri kuitwa ndipo waanze kusoma orodha ya miujiza, hapo ndipo dakika zinapopotea. Na goblini wa mwisho asipigwe hadi pointi ya mwisho. Watatu wakishaanguka, yule wa nne hukimbia. Usirushe dadu za kumfukuza. Sema tu anatokomea kwenye njia iliyojificha nyuma ya vichaka. Umemaliza pigano na papo hapo umewaonyesha njia.

Njia hiyo ina mitego miwili, wa kamba na wa shimo. Mmoja unatosha. Mbele ni pango la goblini, na hapa mwandishi wa hadithi alifanya kazi nzuri kuliko mahali pengine pote kitabuni. Kuna mlango wenye walinzi, mbwa mwitu waliofungwa minyororo, daraja la juu, na maji yanayofunguliwa kuwasomba wanaopanda kijito. Halafu, baada ya mapigano mawili au matatu, anatokea goblini Yeemik aliyemshika mateka Sildar, askari aliyekuwa akisafiri na Gundren, mtu aliyewapa wahusika kazi ya kusindikiza mizigo, na badala ya kupigana anataka mapatano: muueni Klarg, mkuu wangu, nami nitamwachia mateka wenu. Meza nzima inatulia. Watu wanabishana, wanashuku, wanapima maneno. Mabadiliko ya namna hii, kutoka dadu hadi maneno na kurudi kwenye dadu, ndiyo mwendo wenyewe. Usiyapite kwa haraka. Yape nusu saa kama wachezaji wanayafurahia.

Klarg naye ni hatari. Jitu hili lenye manyoya lina pointi 27 za uhai, na rungu lake linatoa dadu mbili za nyuso 8 jumlisha 2, wastani wa 11. Pigo moja linaweza kumwangusha mtu yeyote wa kiwango cha 1. Wachezaji wakimfikia wakiwa na nusu ya uhai, wanazimika mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo wape nafasi ya mapumziko mafupi ya saa moja kabla ya kumkabili, na uwaambie waziwazi kwamba hapa ni salama kwa muda. Mgeni hajui kwamba anaruhusiwa kupumzika.

Tabia nyingine ya kujijengea hapa: kitabu kina maandishi ya kusomwa kwa sauti kila wanapoingia chumba kipya. Usiyasome neno kwa neno. Yasome mwenyewe kabla ya kikao, kisha uyaseme kwa Kiswahili cha kawaida kwa sentensi tatu: wanachoona, wanachosikia, na kitu kimoja kinachotaka waamue. Kiingereza cha kitabuni kinaposomwa kirefu, macho yanahamia kwenye simu.

Sehemu ya pili ni Phandalin. Mji una wenyeji wengi, na karibu kila mmoja ana kazi ya kumpa mhusika. Kinachoharibika ni kwamba wachezaji hupita duka kwa duka, kikao kinakwisha, na hakuna kilichotokea. Chagua wanne tu. Barthen wa dukani anawalipa mizigo yao, mwenye nyumba ya wageni anawapa fununu, mtu mmoja amedhulumiwa na genge la Redbrands, na Sildar anawapa kazi kubwa. Kila mmoja kati yao aguse habari za genge hilo kwa sentensi angalau moja. Wengine watakuwepo baadaye wakihitajika. Saa moja ikipita bila uamuzi, watume vijana wanne wa genge wawazuie barabarani. Kitabu kimewaweka tayari kwa kazi hiyo.

Maficho ya genge, chini ya magofu ya Tresendar, yanaleta tatizo la kupumzika. Kundi linapigana chumba kimoja, linatoka, linalala saa nane, linarudi; chumba cha pili, linalala tena. Kampeni inakuwa kama matatu inayosimama kila steji. Kuwakataza kulala kunaudhi. Afadhali dunia iende mbele wao wakiwa wamelala: mlinzi aliyekosekana anatafutwa, milango iliyokuwa wazi inafungwa, na mkuu wa genge, Glasstaff, anakusanya karatasi zake na kutoroka. Onyesha madhara hayo mara moja tu na kundi litajifunza lenyewe.

Sasa sehemu ya tatu, ambayo ndiyo sababu kubwa ya kuandika tathmini hii. Hadi hapa hadithi ilikuwa na uzi mmoja: Gundren Rockseeker ametekwa, mtafuteni. Ghafla kitabu kinaufungua mlango mkubwa. Kuna kijiji cha Thundertree chenye joka, kisima cha Old Owl Well, orki wa Wyvern Tor, viumbe wa vita,, roho ya Agatha karibu na Conyberry, na ngome ya Cragmaw ambako Gundren ameshikwa kweli. Safarini kitabu kinataka urushe dadu kuona kama maadui wanatokea njiani. Kwa mwendesha mchezo mzoefu huu ni uhuru mtamu. Kwa mgeni ni vikao vitano au sita vya kuzunguka porini huku mateka aliyekuwa wa dharura akisahauliwa kabisa.

Fanya hivi. Toa karatasi za wahusika na usome malengo yao. Mpiga mishale, mmoja wa wale wapiganaji wawili, anataka kumfukuza joka la Thundertree. Akiwepo mezani, bakiza Thundertree. Mchawi anataka kuitakasa madhabahu iliyochafuliwa, na iko ndani ya ngome ya Cragmaw, kwa hiyo umepata sababu ya pili ya kwenda huko. Sehemu zisizomgusa mhusika yeyote, zifute. Ukiacha ngome, bakiza mahali pawili, si zaidi. Maadui wa njiani wafute pia. Pigano lisilobadilisha kitu linachukua dakika 40 zilezile za pigano linalobadilisha kila kitu.

Kisha chora miraba sita kwenye ukurasa wa daftari na uiweke katikati ya meza, wachezaji wakiiona. Waambie hiyo ni saa ya Gundren. Kila wakilala usiku kucha mbali na ngome, weka alama mraba mmoja. Wakifanya jambo linalowafikia maadui, kama vile kumwacha goblini atoroke, weka mwingine. Ngomeni yupo mjumbe wa Black Spider, adui mkuu wa hadithi, kiumbe anayejibadilisha sura, aliyekuja kumchukua Gundren na ramani yake. Mraba wa sita ukijaa, ameondoka naye, na wachezaji watamkuta kwenye mgodi wa sehemu ya mwisho akiwa mikononi mwa Black Spider. Hadithi haivunjiki, inapanda bei tu. Ukifanya saa hii kuwa siri inapoteza kazi yake, kwa sababu kinachowasukuma watu ni kuiona ikijaa.

Onyo kuhusu joka. Venomfang ana pointi 136 za uhai na pumzi ya sumu ya dadu 12 za nyuso 6, wastani wa 42. Mchawi wa kiwango cha 3 ana pointi kama 20. Kwa kanuni, madhara yanayobaki baada ya kufika sifuri yakilingana na uhai wako wote au kuuzidi, unakufa hapo hapo bila kuokolewa. 42 ukitoa 20 ni 22, kwa hiyo asiyeikwepa pumzi hiyo amekwisha. Kitabu hakipigi kengele ya kutosha. Ipige wewe: miti iliyokauka kwa sumu, mizoga, mwenyeji anayekataa kusogea karibu na mnara. Na joka lizungumze kabla ya kupuliza. Majoka ya kijani hupenda kudanganya na kubembeleza, na mazungumzo hayo yatawapa wachezaji dakika ya kutambua kwamba si lazima wapigane.

Kupanda viwango nako kunahusu mwendo. Kitabu kinahesabu pointi za uzoefu: 300 kwa kiwango cha 2, 900 kwa cha 3, 2,700 kwa cha 4 na 6,500 kwa cha 5. Ukifuta sehemu kama nilivyoshauri, pointi hazitatosha. Achana na hesabu hiyo. Wapandishe hadi 2 wakitoka pango la Klarg, 3 wakimaliza genge, 4 baada ya ngome, na 5 kabla ya pigano la mwisho.

Mgodi wa Wave Echo, sehemu ya nne, una maeneo 20. Punguza yawe nane: mlango, mahali pawili pa wafu wanaotembea, fuvu linalowaka moto, tanuru la uchawi, chumba kimoja cha kupumulia, na hekalu ambako Black Spider anasubiri pamoja na chumba kilicho jirani nalo. Vikao viwili vinatosha.

Kwa kundi linalokutana Jumamosi Kisumu, panga saa nane mchana hadi saa kumi na moja na nusu. Wanaorudi Maseno au Ahero wanataka kupanda gari kabla ya giza, na msimu wa mvua radi za jioni hazingoji mmalize pigano. Katika saa hizo tatu na nusu, dakika 15 ni za kukumbushana yaliyopita, na anayekumbusha awe mchezaji, si wewe, ili ujue ni kipi kiliwakaa. Kinachobaki kinabeba mapigano mawili, mazungumzo mawili marefu na safari moja. Ukipanga mapigano matatu, la tatu litakatwa katikati. Saa kumi na robo angalia ulipo: kama pigano kubwa halijaanza, usilianze baada ya saa kumi na nusu. Malizia mlangoni, adui akiwa ameonekana, dadu zikiwa bado mezani. Kwa mwendo huu kampeni nzima inakwisha kwa vikao kumi hivi, yaani miezi mitano mkikutana kila baada ya wiki mbili.

Kuhusu kuipata: Wizards walitoa seti nyingine ya kuanzia mwaka 2022, kwa hiyo hii ya 2014 itafuteni kwa wenye nakala zilizotumika au katika mfumo wa kidijitali. Hadithi yenyewe imeandikwa upya ndani ya Phandelver and Below ya mwaka 2023, lakini kitabu hicho kinaendelea hadi kiwango cha 12, na simshauri mgeni aanze na safari ndefu hivyo. Kanuni za msingi hazina gharama, kwani toleo la 5.1 liliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons Januari 2023. Usichapishe zote. Nenda saiba na kurasa za miujiza ya kuhani na ya mchawi wa viwango vya chini, ukurasa wa hali kama kuzimia na kulewa sumu, na takwimu za maadui wa kikao kinachofuata tu. Takwimu hizo zikate, uzibandike kwenye kadi, uzipange kwa utaratibu watakavyotokea. Stima ikipotea katikati ya pigano na simu ziko asilimia tano, mnasogea dirishani na kuendelea.